Ugomvi wa Wakubwa na Haki ya Mwanachama

Wazee wa Usambara walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi, na kubana shi, maana yake kuiharibu. Waliamini ya kuwa wenye nguvu wawili wakishindana, njaa huingia. Tena walikuwa na sababu ya kuogopa. Kimweri ya Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi kiti cha Vuga; lakini Semboja wa Mazinde, mwenye bunduki za biashara ya misafara, alimfukuza. Vita vikaenea, na watu wengi wakauzwa utumwani.

Hofu hiyo ya mashindano ingaliko katika Chama cha Mapinduzi. Makundi yakizuka, twaambiwa ya kuwa dawa ni umoja, na umoja huo hutafutwa kwa wakubwa wachache kukaa Dodoma na kukata majina. Nasema ya kuwa dawa hiyo ndiyo inayouzidisha ugonjwa. Semboja na Shekulwavu walishindana kwa silaha, wala watu hawakuulizwa. Leo tunayo kura.

Tazameni mambo yenyewe. Mwaka 2011 chama kilisema kitajivua gamba. Sekretarieti ikajiuzulu, pamoja na katibu mkuu wake, Mzee Yusuf Makamba, mwenyeji wa milima yetu. Watu walibadilishwa, njia haikubadilishwa. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa, aliyetaka kugombea urais, lilikatwa kabla ya kufika kwenye mkutano mkuu. Akahamia Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi. Na mwezi Machi 2019 akarudi, akapokewa. Kama hakufaa, mbona alipokewa? Kama alifaa, mbona alikatwa? Mwanachama wa kijijini hakupewa nafasi ya kulijibu swali hilo.

Nasi tunao mfano wa karibu, huko Bumbuli. Mwaka 2010 chama kiliwaruhusu wanachama wote wenye kadi kupiga kura za maoni. January Makamba, mwana wa huyo Mzee Yusuf, akamshinda William Shellukindo, aliyekuwa mbunge. Mwaka 2025 jina la January lilikatwa na Kamati Kuu kabla ya kura za maoni. Sisemi ya kuwa alistahili kurudi; yamkini wanachama wenyewe wangalimkataa. Lakini kumkataa ilikuwa haki yao. Shellukindo alishindwa na watu wa jimbo lake. Makamba alishindwa na kikao. Aliyeshindwa na watu hurudi kuwatafuta watu. Aliyeshindwa na kikao hutafuta marafiki kikaoni, na hapo ndipo kundi linapozaliwa.

Wako wasemao ya kuwa kura zikiachwa mikononi mwa wanachama, wenye fedha watazinunua. Ni kweli rushwa ipo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 haikutungwa bure. Lakini ni kazi nyepesi zaidi kuwahonga wajumbe mia kuliko wanachama elfu kumi.

Wala asiye na kadi asiseme ya kuwa neno hili si lake. Chama hiki, kwa jina la TANU tangu mwaka 1961 na kwa jina la sasa tangu 1977, hakijaachia serikali. Basi ateuliwaye ndani yake mara nyingi ndiye atakayetutawala sote. Na mbunge ajuaye ya kuwa cheo chake kimetoka kikaoni atamsikiliza nani? Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa ugomvi wa wakulima na mwekezaji, kikakaa miaka bila kusaga majani. Mambo ya namna hiyo, na bei ya viazi, na barabara zikatwazo na maporomoko, ndiyo yafaayo kushindaniwa mbele ya watu, si nani ni rafiki ya nani.

Basi, ndugu mwenye kadi, peleka dai hili katika mkutano wa tawi lako: jina lisikatwe pasipo sababu kutangazwa, na kura ya wanachama iwe ndiyo ya mwisho. Likikataliwa, lipeleke tena mwaka ujao, nawe umshawishi jirani yako asimame pamoja nawe.