Mpishi Si 'Cooker'

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Nyeri aliyemaliza kidato cha nne alinijia na barua ya kuomba kazi ya upishi katika hoteli ya watalii. "Hebu nitazamie, mwalimu, kabla sijaituma," akasema. Hati yake ilikuwa safi na alianza vyema. Kufika mstari wa tatu nikakuta: 'I am a good cooker.'

Nilicheka, nami nikajuta papo hapo, kwani uso ulimshuka. Kwa Kiingereza 'cooker' ni jiko. Mpishi ni 'cook', neno lile lile la kitenzi, bila kuongezwa chochote.

Usimwone mjinga, msomaji. Alifuata kanuni aliyoinyonya kwa mamake. Kwa Kikuyu, ukimtaka mtenda kazi huchukua kitenzi ukatia 'mũ' mbele na 'i' nyuma: rĩma, mũrĩmi, ruga, mũrugi, thoma, mũthomi. Alipoona 'teach' imezaa 'teacher' na 'farm' ikazaa 'farmer', alidhani vitenzi vyote huzaa vivyo hivyo. Hata Kiswahili chetu kina vituko vyake: apikaye hatumwiti 'mpiki', wala aandikaye 'mwandiki'.

Kiingereza nacho kimeokota maneno huku na huko, hasa Kifaransa na Kilatini, na kila kundi lilikuja na mikia yake. Aombaye kazi ni 'applicant' na ombi lake ni 'application'. Apigaye taipu ni 'typist'. Anayewaongoza wageni kupanda Mlima Kenya ni 'guide' tu. Neno 'guider' lipo, lakini huyo ni mama mlezi wa skauti wa kike. (Tusipolijua sisi alilijua Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941 na kuzikwa papa hapa Nyeri.)

Penye pesa ndipo pa kuangalia zaidi. 'Payer' hulipa, 'payee' hulipwa. Mkulima wa kahawa anayejaza fomu ili apokee malipo yake, akiandika jina lake penye 'payer', atakuwa amekubali kutoa badala ya kupokea! Ndivyo ilivyo pia kwa 'employer' na 'employee': mmoja ameajiri, mwingine ameajiriwa.

Basi ewe mwanafunzi, unapojifunza neno jipya, liandike daftarini pamoja na ndugu zake, na kila mmoja umtungie sentensi. 'Succeed' ni kitenzi, 'success' ni nomino, 'successful' ni kivumishi, 'successfully' ni kielezi. Wengi huandika 'I will success' katika mtihani wa insha, na alama zikapotea hapo hapo.

Kijana wangu aliketi akaiandika barua upya, 'cooker' ikawa 'cook'. Nilimpongeza, nikaipitia mara ya mwisho hadi chini kwenye sahihi. Hapo palikuwa pameandikwa 'Yours faithful'. Safari hii sikucheka. Nilimrudishia kalamu, naye akaitazama barua kwa muda, kisha akaongeza 'ly' mwenyewe.