Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mwezi wa Juni mwaka 2003, kampuni za Paramount na Nickelodeon zilijaribu kuwaweka fahali wawili wa namna hiyo pamoja, mbele ya macho ya watoto wa Marekani. Filamu yenyewe yaitwa Rugrats Go Wild. Ndani yake zilikutanishwa katuni mbili za televisheni, kila moja ikiwa na wapenzi wake: Rugrats, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1991, na The Wild Thornberrys, iliyoanza mwaka 1998. Zote mbili zilitoka katika karakana moja ya wachoraji, ile ya Klasky Csupo.

Tangu wakati ule hata leo watazamaji hawajapatana juu ya filamu hiyo. Sisi twaona inafaa kuyapima maneno yao, kwa sababu ugomvi huu si wa filamu moja tu. Ni ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuhukumu kitu alichotengenezewa mtoto, na juu ya heshima anayostahili mtoto huyo kutoka kwa watu wanaopokea fedha za wazazi wake.

Kwanza yafaa tueleze habari yenyewe, kwa faida ya wasioiona. Rugrats ni kisa cha watoto wachanga, kiongozi wao akiwa Tommy, mwenye umri wa mwaka mmoja. Watoto hawa huzungumza wao kwa wao na kufanya mashauri makubwa, lakini wazazi wao hawaelewi hata neno. The Wild Thornberrys ni kisa cha jamaa wanaozunguka dunia wakipiga picha za wanyama wa porini. Baba ni Nigel, mama ni Marianne, na binti yao Eliza amejaliwa kuelewa lugha ya wanyama, kwa sharti kwamba aifiche siri hiyo. Katika filamu, jamaa za akina Tommy wanaharibikiwa na chombo baharini na kutupwa katika kisiwa. Kumbe katika kisiwa hicho hicho wamo akina Thornberry, wakimtafuta chui.

Sasa tuyasikilize maoni. Wapenzi wa akina Thornberry wanalalamika kwamba watu wao wamefanywa kuwa watumishi katika karamu ya wengine. Nigel, mtu wa elimu aliyekwisha kupita katika misitu na majangwa, hapa anaanguka, anagonga kichwa, na kupotewa na akili hata akawa na mwenendo wa mtoto wa miaka mitatu. Wanauliza: je, hiyo ndiyo heshima ya mgeni?

Wapenzi wa Rugrats nao wana lao. Mbwa Spike, ambaye katika televisheni alijulikana kwa kubweka, hapa amepewa sauti ya mcheza sinema mashuhuri Bruce Willis, na anasema maneno mengi. Wako wanaoona kwamba kwa kumfanya mbwa aseme, watengenezaji waliondoa kitu kilichokuwa kizuri kwa ukimya wake.

Kundi la tatu ni la wakosoaji wa magazeti, ambao wengi wao hawakuisifu filamu hii. Hao walisema kwamba shabaha yake ilikuwa biashara, na kwamba hadithi ilishonwa haraka ili iweze kubeba majina mawili. Kundi la nne ni watoto wenyewe, pamoja na wazazi waliokaa nao. Wengi wa hawa hawakuuliza kama fahali wawili waweza kukaa pamoja. Waliwaona marafiki zao wawili siku moja, wakacheka, wakarudi nyumbani.

Kila kundi lina sehemu ya haki, lakini tusipoangalia hesabu twaweza kupotea. Filamu ya kwanza ya Rugrats, ya mwaka 1998, ilipata zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani. Filamu ya akina Thornberry peke yao, iliyotoka mwezi wa Desemba 2002, ilipata kama dola milioni 40 huko huko. Mtu angedhani kwamba makundi mawili ya wapenzi yakiunganishwa, mapato yatazidi. La! Rugrats Go Wild ilipata kama dola milioni 39. Katuni mbili pamoja hazikuweza kufikia hata nusu ya kile kilichopatikana na moja iliyokuwa peke yake miaka mitano kabla.

Walakini hesabu nayo isikilizwe kwa uangalifu. Majuma mawili kabla ya filamu hii, iliingia katika majumba ya sinema filamu ya Finding Nemo, nayo ikawavuta wazazi na watoto kwa wingi usio wa kawaida. Tena ilikuwa ni filamu ya tatu ya Rugrats katika muda wa miaka mitano. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mnywaji akiyaonja maji, hurudi nyumbani bila kugombana na mtu. Mtoto haandiki barua kwa gazeti. Maoni yake huonekana pale anapoomba kupelekwa tena, au anapoacha kuomba.

Je, sisi twasemaje? Twasema kwamba kuzikutanisha katuni mbili si kosa. Mwaka 1987 karakana ya Hanna-Barbera iliwakutanisha akina Flintstone wa zama za mawe na akina Jetson wa zama zijazo, na kila mtu aliona mara moja sababu ya kukutana kwao: kila upande ulikuwa kioo cha mwenziwe. Swali la haki ni hili: wakikutana, je, wanaambiana kitu ambacho kila mmoja peke yake asingeweza kukisema?

Katika jambo hili Rugrats Go Wild ilikuwa na mbegu njema kuliko walivyokubali wakosoaji. Katuni zote mbili zinahusu kusikilizwa. Watoto wachanga wanasema, na wakubwa hawasikii. Wanyama wanasema, naye Eliza peke yake ndiye anayesikia. Watoto wanapopotea kisiwani, ni mbwa Spike anayempasha Eliza habari, kwa kuwa hakuna mtu mwingine awezaye kumwelewa. Hapo mnyama anakuwa mjumbe kati ya watoto wasioeleweka na binti anayeweza kuwasaidia. Jambo hili lisingewezekana katika katuni moja peke yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba sauti ya Spike iliharibu kila kitu, twaona wamekosea. Sauti ile ndiyo daraja lililoziunganisha nyumba mbili.

Kosa ni kwamba mbegu ile haikupewa maji ya kutosha. Mahali pa kuikuza, tulipewa mikimbio, maanguko na nyimbo. Hapa malalamiko ya wapenzi wa akina Thornberry yana nguvu. Katika filamu yao wenyewe ya mwaka 2002, Eliza aliingia katika hatari kubwa ili kuwaokoa ndovu na majangili, katika bonde la Afrika lililopewa jina la Tembo, neno la lugha yetu wenyewe. Binti aliyebeba mzigo mzito namna ile, baada ya miezi sita tu akaletwa kusaidia mchezo wa wengine. Mtoto aliyempenda aliona tofauti, hata kama hakuwa na maneno ya kuieleza.

Tena kuna habari ya zile kadi. Watazamaji walipewa kadi za kukwaruza na kunusa, ili namba ikitokea katika picha, mtoto akwaruze mahali penye namba hiyo apate harufu ya kitu anachokiona. Hila hii haikuwa mpya, kwani John Waters aliitumia mwaka 1981 katika filamu yake Polyester, ambayo haikuwa ya watoto hata kidogo. Sisi hatuwalaumu waliofurahia kadi hizo. Mchezo ni mchezo. Lakini harufu ya karatasi hukauka, na mtoto asiye na kadi hubaki akitazama wenziwe wakinusa. Fedha na akili zilizotumika katika kadi zingefaa zaidi kama zingetumika katika maneno ya Eliza.

Kuna watu wazima wasemao kwamba haya yote ni mambo madogo, kwa maana filamu ni ya watoto, na mtoto hutosheka na chochote. Maneno hayo twayakataa. Mkunjo wa samaki hukunjwa angali mbichi. Akili ya mtoto yapokea kila inachopewa na kukihifadhi kwa miaka mingi. Ushahidi wake uko wazi: wale waliokuwa wadogo mwaka 2003 leo ni watu wazima, na bado wanabishana juu ya Nigel, Spike na Eliza. Kama kitu kile kingekuwa kidogo, wangalikwisha kukisahau zamani.

Katuni zote mbili zilifikia mwisho wao katika televisheni mwaka 2004. Rugrats ilirudishwa mwaka 2021 kwa uchoraji mpya wa kompyuta, na ada ya kuunganisha majina makubwa mawili katika filamu moja haikukoma, bali imeenea. Watengenezaji wataendelea kuyaleta makundi mawili pamoja kila waonapo faida. Kwa sababu hiyo yatupasa wazazi, hapa kwetu na kwingineko ambako watoto hukaa mbele ya picha hizi, tuwe na desturi moja. Tukae nao, na picha ikiisha tuwaulize: Nani alikupendeza? Nani hakutendewa haki? Kwa nini? Kisha tunyamaze tusikilize jibu lao mpaka mwisho.

Kwa watengenezaji twasema hivi: ukimwalika mgeni nyumbani kwako, mpe kiti, usimpe ufagio. Na kwa wakosoaji twasema: semeni ukweli juu ya kazi mbovu, lakini msimcheke mtoto aliyeipenda. Filamu hii ilitaka kutufundisha kwamba wadogo nao wanasema, ila wakubwa hawasikii. Ingekuwa aibu kubwa kama sisi wakubwa, kwa jinsi tunavyoijadili, tungekuwa ndio ushahidi wa maneno hayo.