Mkubwa wa Chama Akistaafu, Mtu wa Karai Anabaki na Nini?

Leo nitakasirisha wazee, na pengine nyinyi pia.

Kila mkubwa wa chama cha wafanyakazi akikaribia kustaafu, filamu ni ile ile. Hema, isikuti, mbuzi, halafu mtu anashika maiki anatusomea miaka. Ametumikia miaka ishirini! Makofi. Na mimi huku nyuma najiuliza, amefanya nini kwa hiyo miaka? Hata ukuta mbovu unaweza kusimama miaka ishirini.

Mimi ni wa Butali, hapa kwa barabara ya Kakamega kwenda Webuye, harufu ya kiwanda cha sukari mpaka kwa nguo. Kijana wa huku asipokata miwa na asipopata boda, anaenda mjengo. Binamu yangu alifanya kwa saiti moja miezi minane. Kokoto, simiti, karai kichwani, pesa mkononi kila jioni. Siku moja akateleza kwa ngazi, mkono ukavunjika. Alipewa nauli na dawa za maumivu. Siku ya tatu karai lake lilikuwa kwa kichwa cha mtu mwingine.

Nikamuuliza, chama chenu kinasemaje?

"Chama gani? Ile ya kina mama ya Jumapili?"

Hakuwa anafanya mzaha. Hakujua kuna chama cha watu wa mjengo Kenya nzima.

Sasa sikiza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo na siku zikafika mwezi mmoja, huyo si kibarua wa siku tena. Anafaa kulipwa kwa mwezi, na kumfuta lazima umpe notisi. Kuna pia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya 2007 vilevile, inayomlazimisha mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima. Miezi minane! Binamu yangu alikuwa na haki zote hizo, na hakuna mtu mmoja alikuja kwa saiti kumwambia.

Ndio maana nasema tupime hawa wakubwa vizuri. Chukua Francis Atwoli, mtu wa Khwisero, Kakamega hii hii yetu. Ameingia COTU kama katibu mkuu 2001. Wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa. Sitasema hajafanya kitu, hiyo itakuwa uongo. Mei Mosi akipiga kelele, Ikulu husikia: 2022 Uhuru Kenyatta alitangaza nyongeza ya asilimia 12 kwa mshahara wa chini, 2024 Ruto akatangaza 6. Lakini hiyo nyongeza inamsaidia nani kama kontrakta anaandika majina kwa daftari ya shule na kulipa anavyojisikia? Na mshahara wa chini wenyewe umepangwa kwa maeneo, sisi wa vituo vidogo tuko mkiani. Karai la Butali ni jepesi kuliko la Nairobi?

Mnakumbuka 2021, ile barabara ya Kileleshwa ilipoitwa jina lake? Kibao kikang'olewa, kikachomwa, mtandao mzima ukacheka wiki nzima. Nilicheka pia. Tulibishana jina la barabara mpaka usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliuliza waliomwaga hiyo lami walilipwa kwa siku ama kwa mwezi.

Na si mambo ya juzi. Miaka ya 1950 chama cha wajenzi kilikuwa na Arthur Ochwada, mtu wa Samia, naibu wa Tom Mboya kwa shirikisho la wafanyakazi. 1959 wakakosana, Ochwada akaanzisha shirikisho lake. Hiyo vita ya wakubwa wawili iko kwa vitabu. Wachanganya simiti wa wakati huo walipata nini? Tafuta, uniambie.

Saa hii serikali inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mtu kujenga nyumba, na kila mkutano tunaambiwa vijana wamepata kazi. Kazi ya aina gani? Hapo ndio kiongozi wa chama anafaa kuamkia, kwa geti la saiti saa kumi na mbili unusu asubuhi, si kwa kiti cha mbele Mei Mosi.

Kwa hivyo mzee yeyote anayestaafu, kabla mbuzi haijachinjwa, atusomee nambari tatu tu. Vibarua wangapi walitoka kulipwa kwa siku wakaandikwa kwa mwezi? Walioumia wangapi walilipwa? Saiti ngapi alikanyaga nje ya Nairobi? Zikiwa kubwa, mimi mwenyewe nitacheza isikuti.

Binamu yangu mkono umepona, haujanyooka vizuri. Jumatatu anarudi mjengo, saiti nyingine. Jana aliniambia nimwandikie kile kifungu kwa karatasi, kwa Kiswahili, akibebe kwa mfuko. Nimemwandikia. Na wewe uko mjengo, umefanya miezi mingapi kwa saiti moja ukilipwa kwa siku? Andika hapo chini.