Nani Aishuhudie Mizani ya Vifusi?

Jengo linapobomolewa nchini Marekani, aghlabu vifusi vyake hupakiwa pamoja, zege, mbao, mabati na jasi, vikapelekwa kwenye kiwanda cha kuchambua taka. Baadaye mwenye jengo huandikiwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo wake imerejelezwa. Ndugu msomaji, mzigo huo wenyewe haukupimwa baada ya kuchambuliwa, kwani umekwisha changanyika na wa wengine. Alichopewa ni wastani wa kiwanda, na mara nyingi wastani huo kiwanda kimejihesabia chenyewe.

Jambo hili si dogo. EPA, idara ya serikali ya nchi hiyo inayolinda mazingira, ilikadiria taka za ujenzi na ubomoaji za mwaka 2018 kuwa tani milioni 600, zaidi ya maradufu ya taka za kawaida za mijini. Jimbo la California limeagiza angalau asilimia 65 ya taka za ujenzi ziepushwe na dampo. Nao mfumo wa LEED, unaoyapanga majengo kwa madaraja ya utunzaji wa mazingira, hutoa alama kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo asilimia imekuwa na bei.

Hadaa nayo haihitaji uongo wa wazi. Vumbi na vipande vilivyochekechwa hutandazwa juu ya dampo kufunika taka za siku, kisha vikahesabiwa kuwa vimetumika. Toleo la LEED la mwaka 2013 lilikataa hesabu hiyo. Zege, ambalo kwa makadirio yaleyale ni theluthi mbili ya uzito wote, likisagwa kuwa kokoto huipandisha asilimia hata asiwepo wa kuuliza mbao na jasi zimekwenda wapi. Na jasi ikifukiwa penye unyevu huweza kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Anayeivuta ni jirani wa dampo, si mwenye cheti.

Hatuoni vipi kiwanda kiwe mdai na shahidi kwa pamoja. Taasisi iitwayo Recycling Certification Institute imekuwa ikikagua viwanda vinavyoridhia: tani zilizoingia hulinganishwa na zilizouzwa, zilizotupwa na zilizosalia uwanjani. Ni kazi njema, lakini ni ya hiari, na mwenye la kuficha hajitokezi. Miji na majimbo yanayodai asilimia hizo yaufanye ukaguzi wa mtu wa nje kuwa sharti la kibali, na hesabu itolewe kwa kila aina: zege mbali, mbao mbali, jasi mbali.