Mtoto harithi jela

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango wa daktari ukishafungwa: "Baba yake yuko jela kwa ujambazi. Na huyu mtoto naye atakuwa hivyo?" Nyuma ya swali hilo upo msemo tuliokua nao: mwana wa nyoka ni nyoka.

Hakuna kinasaba cha ujambazi. Mtoto anaweza kurithi hasira za haraka, kutotulia au kutoogopa hatari. Hayo si uhalifu. Mtoto asiyeogopa anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa askari wa zimamoto.

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Matokeo ya mwaka 2002 yalihusu kinasaba kiitwacho MAOA, kinachosaidia kuvunjavunja baadhi ya kemikali za ubongo. Wavulana wenye aina dhaifu ya kinasaba hicho walioteswa utotoni ndio waliotiwa hatiani zaidi kwa makosa ya ukatili. Wenye aina hiyohiyo waliolelewa bila mateso hawakuwa hivyo. Si kila utafiti uliofuata ulipata jibu lilelile, lakini ubaya wa kumtesa mtoto hauna ubishi.

Tena, kinasaba hicho kiko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mama. Hivyo anayemnyooshea kidole baba aliye jela amekosea hata njia ya urithi.

Kwa hiyo, mzazi au mlezi, usimwite mtoto "mwizi kama baba yako". Mtoto huishi kulingana na jina analopewa. Kipigo cha kila siku hakimtoi shetani. Humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Mweke mbali na betri kuukuu na rangi zenye madini ya risasi, maana madini hayo huharibu ubongo unaokua.

Akipigana kila mara, akitesa wanyama au akiiba bila kukoma, mpeleke hospitali mapema. Huenda ana tatizo linalotibika. Ukijua mtoto anateswa, iwe Tanzania au Kenya, piga 116 bila malipo.

Vinasaba vyake huwezi kuvibadilisha. Nyumba anayolala leo unaweza.