Wakili na Siri Zake Mbili

MIZANI YA JUMA
Na Mwinyihaji Shekue

Jioni moja ya mwezi uliopita, baada ya sala ya magharibi, alinijia nyumbani kijana mmoja wakili ambaye namfahamu tangu siku alipovaa joho kwa mara ya kwanza na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu; akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa, akaliweka mapajani jalada lililofungwa kwa uzi, na kwa muda mrefu hakulifungua wala hakutamka neno. Ameniruhusu kuyaandika yaliyompata kwa sharti kwamba jina lake, mji wake na mteja wake visijulikane, nami nimelitimiza sharti hilo kwa kubadili kila alama ambayo ingemwelekeza msomaji kwake. Nayaandika kwa kuwa miaka yangu katika kazi hii imenifundisha kwamba yaliyomfika hayakumfika yeye peke yake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mteja wake, mama mtu mzima aliyeshindwa katika Mahakama Kuu kwenye shauri la shamba la urithi, alimwagiza akate rufani. Sheria ikampa siku 30 za kupeleka taarifa ya kusudio la rufani, nayo ni karatasi ambayo wakili aliyezoea kazi huiandika kabla chai yake haijapoa. Siku 30 zikapita, zikafuata nyingine 40, na karatasi ile haikuandikwa. Hakuwa mvivu, kwani kila asubuhi alifika ofisini kabla ya wenzake. Bali kila alipolitazama jalada lile kabatini moyo ulimwenda mbio, viganja vikamtoka jasho, naye akanyoosha mkono akachukua jalada jingine. Usiku usingizi ulimkimbia, na chakula kikawa kama majani mdomoni. Mama alipopiga simu, alimjibu kwamba shauri linaendelea. Na neno hilo, ambalo sisi mawakili tumelitumia mpaka limechakaa, likawa uongo wa kwanza uliozaa wa pili na wa tatu.

Sasa ilimlazimu aombe kuongezewa muda, na ombi la namna hiyo huambatana na hati ya kiapo inayoeleza sababu za kuchelewa. Na mahakama zetu zimekwisha kuamua mara nyingi kwamba mwombaji sharti atoe hesabu ya kila siku iliyopita, na kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha. Swali aliloniletea lilikuwa hili: rafiki yake mmoja amemwahidi cheti cha zahanati kinachosema kwamba majuma yale yote alikuwa akiugua malaria, je, akitumie?

"Mwanangu," nikamwuliza, "kwani siku hizo hukuwa mgonjwa?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa mgonjwa, mzee wangu. Lakini si ugonjwa wa kuandikwa katika hati ya kiapo."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Mtu aliyekuwa mgonjwa kweli alikuwa tayari kuapa kwa uongo kwamba alikuwa mgonjwa, kwa sababu malaria ni maradhi ya heshima na jitimai ya moyo aliihesabu kuwa aibu. Akawa radhi kuhatarisha uwakili wake, na kiapo chake mbele ya Mungu, kuliko kukiri mbele ya wanadamu kwamba alilemewa. Wala hapakuwa na tamaa ya fedha ndani yake, wala chuki, wala hila kwa yule mama. Tumezoea kudhani kwamba maadili ya wakili huvunjwa na watu waovu, ilhali mara nyingi huvunjwa na watu waliochoka, ambao taksiri yao ya kwanza ilikuwa ndogo na ingeliweza kurekebishwa, lau hawangeifunika.

Lugha yetu ilimwonya wakili kabla sheria haijamwonya. Neno hilo tumelirithi kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe alisimamie kama lake. Katika ndoa za pwani walii humweka wakili aozeshe badala yake, na katika majina tisini na tisa ya Mwenyezi Mungu limo Al-Wakil, yaani Mwenye kutegemewa katika mambo yote. Basi mwanadamu anayeitwa kwa jina lenye asili hiyo hana budi kuikumbuka tofauti kubwa iliyopo, kwamba Muumba hapatwi na uchovu wala usingizi, ilhali yeye huchoka, huugua na huhitaji kulala, na maadamu amana ya watu imo mikononi mwake, kuitunza mikono hiyo ni sehemu ya kuitunza amana.

Katika kazi yetu ziko siri mbili, na msiba wetu ni kuzichanganya. Siri ya kwanza ni ya mteja: sheria ya ushahidi imeikinga, kanuni za maadili na adabu za mawakili za mwaka 2018 zimeisisitiza, na wakili mwema huzikwa nayo. Siri ya pili ni ya wakili mwenyewe: hofu yake, madeni yake, ugomvi wa nyumbani, chupa iliyofichwa katika mtoto wa meza, jalada asiloweza kulifungua. Ya kwanza ni faradhi. Ya pili haikuamriwa na sheria yoyote, ila tumejizoeza kuifunika kwa joho lilelile, mpaka kijana akaamini kwamba kusema "nimelemewa" ni kosa sawa na kutoa siri ya mteja. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Na katika ofisi ya wakili kata ni karani wake, ambaye huona barua zisizojibiwa na mkono unaotetemeka ukitia saini, lakini kwa staha na kwa kuogopa kibarua chake hathubutu kunena.

Hata madhambi makubwa yanayowafikisha watu mbele ya Kamati ya Mawakili huchipuka aghalabu katika siri hii ya pili. Kila wakili anajua kwamba fedha za mteja huwekwa katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zake, na kwamba hana ruhusa ya kuzigusa kwa haja zake hata kwa siku moja. Na wengi waliozigusa hawakuanza kwa nia ya wizi, bali kwa kodi ya ofisi iliyochelewa au ada ya mtoto ambayo waliona haya kuikopa kwa ndugu, wakajiambia kwamba watairudisha Ijumaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dhiki hesabu ya benki humuumbua.

Mwaka 2016 ulitolewa nchini Marekani uchunguzi uliokusanya majibu ya mawakili 12,825, ukaonesha kwamba mmoja katika kila watano alikuwa na unywaji wa pombe wenye madhara, kwamba asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona, na kwamba waliodhurika zaidi walikuwa wale wa miaka kumi ya mwanzo ya kazi. Walipoulizwa kilichowazuia kutafuta msaada, sababu mbili zilizotajwa zaidi zilikuwa kutotaka watu wajue, na kuhofu kwamba siri yao haitahifadhiwa. Hesabu ya wenzetu si hesabu yetu, kwani nchi ni mbalimbali na desturi ni mbalimbali. Walakini sababu zile mbili nilizisikia sebuleni kwangu, kwa Kiswahili fasaha, kutoka katika kinywa cha kijana ambaye hajapata kukanyaga Marekani.

Nasi tunawafundisha vijana wetu tahayuri hii mapema. Mwaka 2022 yalipotangazwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, na nchi nzima ikajadili ni nani wa kulaumiwa, chuo, walimu au wanafunzi. Wachache waliuliza vijana wale walirudi vipi kwa wazazi waliouza mifugo ili kuwasomesha. Anayepita katika tundu hilo la sindano huingia mahakamani na kuitwa "wakili msomi" tangu siku ya kwanza, na jina hilo zuri, ambalo ni taadhima ya kazi na si sifa ya mtu, humfunga ulimi, kwa kuwa msomi anawezaje kuuliza, na msomi anawezaje kukiri kwamba ameshindwa?

Zamani ilikuwapo njia nyingine. Mwezi wa Desemba 1952, katika mji mdogo wa Kapenguria nchini Kenya, yalianza kusikilizwa mashtaka ya Jomo Kenyatta na wenzake watano. Na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulala katika mji ule, mawakili wa utetezi walikaa Kitale na kusafiri kwenda na kurudi kila siku ya shauri. D. N. Pritt alitoka Uingereza, H. O. Davies alitoka Nigeria, Diwan Chaman Lall alitoka India, Dudley Thompson, mzaliwa wa familia ya Kijamaika, alitoka Moshi alikokuwa na ofisi yake, nao A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh walikuwa wa Kenya. Pritt, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka 65, alishtakiwa katikati ya kazi kwa kuidharau mahakama kwa sababu ya simu ya maandishi aliyoipeleka, akaachiwa, akarudi kuendelea na utetezi. Hukumu ikatoka tarehe 8 Aprili 1953, nao wakashindwa. Watu huwakumbuka kwa ushujaa, na wanastahili. Mimi huwakumbuka pia kwa kuwa hakuna kati yao aliyelibeba shauri lile peke yake, na jioni waliporudi Kitale kila mmoja alikuwa na mwenzi aliyeujua uzito wa siku ile bila ya kuelezwa.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni kuwatafutia udhuru wazembe. Sivyo. Huruma kwa wakili hairudishi shamba la yule mama, wala ugonjwa haugeuzi uongo kuwa kweli, na Kamati ya Mawakili haina budi kuadhibu pale ambapo amana imevunjwa. Ninachosema ni kwamba adhabu huja baada ya madhara, ilhali insafu kwa mteja inataka madhara yazuiwe. Na hayatazuiwa maadamu kijana anaona ni salama zaidi kughushi cheti kuliko kumgongea mlango mkubwa wake wa kazi.

Chama cha mawakili wa Tanganyika kiliundwa kwa sheria mwaka 1954, na neno chama kwetu sisi, kabla halijawa neno la ada na uchaguzi, lilikuwa ni watu wanaosaidiana katika shida na raha. Nakiomba kitengeneze na kukuza mlango ambao wakili aliyelemewa anaweza kuuingia bila ya hofu, wenye daktari wa akili na wazee wa kazi, na yatakayosemwa humo yakingwe kwa siri, kama ambavyo majimbo yote ya Marekani yana mipango ya kuwasaidia mawakili inayolinda siri za wanaoiendea. Wakubwa wa ofisi nao wasiwaulize vijana idadi ya saa walizofanya kazi tu, bali mara moja kwa juma wawaulize: ni jalada gani hujalifungua, na kwa nini?

Kijana wangu nilimpa nasaha nne, nazo si zangu bali ni za kazi yetu: amweleze mteja kweli yote, amrudishie ada yake na jalada lake atafute wakili mwingine, kwa kuwa sasa maslahi yake na ya mteja yamegongana, na mtu hawezi kuwa shahidi na wakili katika jambo lilelile, amwendee daktari wa kweli kwa maradhi ya kweli, na akitakiwa kuapa, aape kwa yaliyokuwa. Alikwenda. Mama yule hakumsamehe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua fedha na jalada, akaondoka bila ya kuaga, na ilikuwa haki yake. Ombi limepelekwa na wakili mwingine, na uamuzi haujatoka.

Kabla ya kuapa aliniletea hati ile niisome, si kwa kunitaka nimrekebishie sheria, bali kwa sababu alitaka mtu mmoja aijue kabla ya wageni. Siku zile 40 zilikuwa zimepangwa moja moja kwa tarehe, kama mahakama inavyotaka, na karibu zote zilikuwa na maneno yaleyale: nilifika ofisini, nililiona jalada, sikulifungua. Niliisoma polepole mpaka mstari wa mwisho, yeye akiwa amekaa mbele yangu, safari hii amekiegemea kiti chote. Lau angalimpata mtu wa kumwambia maneno hayo matatu siku ya kwanza, orodha ile isingaliandikwa, na mama yule angekuwa mbele ya Mahakama ya Rufani akisikilizwa juu ya shamba lake.