Sanduku dogo lililofungwa Nairobi: kesi ya mwaka 2000 inaweza kufundisha nini intaneti ya Goma?

Mwisho wa mwezi wa Novemba 2000, kampuni zinazouza intaneti mjini Nairobi ziliunganisha laini zao mahali pamoja. Mahali pale paliitwa KIXP. Kifaa chenyewe hakikushinda ukubwa wa meza. Hata majuma mawili hayakuisha vizuri, mashtaka yakaletwa, na mwezi wa Desemba KIXP ikafungwa. Hakuna kitu kilikuwa kimeharibika. Tatizo lilikuwa sheria.

Ili kuelewa ugomvi huu, lazima kujua namna intaneti ilikuwa inatembea siku zile. Laini zote za kwenda inje ya Kenya zilikuwa mikononi mwa Telkom Kenya, kampuni ya serikali. Barua ya mtu wa Nairobi, ikienda kwa jirani anayetumia kampuni ingine, ilipanda kwanza satelaiti, ikafika Ulaya ao Amerika, kisha ikarudi Nairobi. Ni sawa vile mtu wa Birere atume mfuko wa makala kwa jirani yake wa Majengo, lakini aupitishe Kinshasa kwa ndege. Na pesa ya ndege ni yeye analipa, kwenda na kurudi.

Chama cha kampuni za intaneti, TESPOK, kilihesabu kwamba karibu 30% ya mawasiliano yalikuwa ya Mkenya kwa Mkenya. Kwa siku chache KIXP ilipofanya kazi, muda wa safari ulishuka kutoka zaidi ya sekunde moja mpaka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Laini ya kilobiti 64, iliyokuwa inalipiwa dola 3.375 kwa mwezi kupitia inje, ya ndani ilikuwa dola 200.

Nani alikuwa na haki?

Telkom ilikuwa na karatasi. Ilikuwa imepewa haki ya kuwa peke yake kwenye mawasiliano ya kimataifa, na ikaambia tume ya mawasiliano, CCK, kwamba KIXP inavunja haki ile. Woga wake ulikuwa wa kweli: kama mawasiliano ya ndani yanabakia ndani, pesa ya laini za inje inapunguka. Tume ikaona kwamba sanduku lile halina leseni, na ikaamuru lifungwe.

Kampuni zikakata rufani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa. KIXP haivuki mpaka wowote, inaunganisha tu watu waliokubaliana. Tena, kifaa cha namna ile kiko katika kila ofisi yenye kompyuta nyingi. Kama ni kosa, basi ofisi zote za Nairobi zina kosa.

Mwishowe ni mazungumzo, pamoja na presha ya watu, njo yalifungua njia. TESPOK ikaunda kampuni ya pekee kwa ajili ya KIXP, ikaomba leseni, na mwezi wa Novemba 2001 ikaipata. Mwezi wa Februari 2002, wakati Goma ilikuwa bado inahesabu hasara ya lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari, KIXP ikafunguliwa tena. Baadaye Telkom yenyewe ikajiunga.

Matunda yalionekana polepole. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba KIXP inaokolea kampuni karibu dola milioni 1,5 kila mwaka. Mwaka 2020, karibu 70% ya mawasiliano ya Kenya yalikuwa yanapatikana ndani ya inchi. Sababu moja kubwa: kampuni kubwa za inje zilileta mashini zao kule, zenye kubeba video na picha ambazo watu wanaangalia sana.

Na Goma?

Kongo nayo ilikuwa na Telkom yake. Sheria 013/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliweka mtandao mkubwa wa inchi mikononi mwa OCPT, ambayo leo ni SCPT. Kablo ya baharini WACS ilipofunguliwa Muanda mwaka 2013, ilikuwa chini ya kampuni ileile. Lakini Muanda ni mbali na Goma kuliko Mombasa. Kwa Kivu, njia fupi ya kufika baharini inapitia Rwanda na Uganda. Sheria inaangalia magharibi, laini inaangalia mashariki. Sheria mpya 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ilibadilisha mengi, lakini haiwezi kubadilisha kilometa.

Kinshasa ilipata sanduku lake, KINIX. Lubumbashi ikapata LUBIX, na Goma GOMIX. Kwa hiyo swali la leo si tena kama Goma inahitaji mahali pa kukutania. Ni kama kila kampuni inaunganisha laini yake pale na inapitisha kweli mawasiliano yake. Kampuni moja kubwa ikibakia inje, barua ya Himbi kwenda Ndosho inaendelea kuzunguka ulimwengu.

Kuna pia jambo ambalo kesi ya Nairobi haikumaliza. Zile dola milioni 1,5 ziliokolewa na kampuni. Hakuna sheria inayosema lazima zifike kwa mama anayenunua mega za siku moja ili auze vitenge kwa WhatsApp. Bei inashuka pale kampuni zinashindana na mteja anaweza kuhama.

Ndiyo maana wanaotumia intaneti Goma, kuanzia shule, hospitali, wachuuzi mpaka vyama vya vijana, wana haki ya kuuliza kampuni zao maswali mawili: mumeunganishwa GOMIX? Na kama ndiyo, faida yake iko wapi kwenye bei ya mega? Nairobi, sanduku lilifunguliwa sababu watu walikataa kunyamaza.